Siku ya Nne, Upande wa Kushoto

Usiku barafu imeushona ukingo wa ghuba.
Nimeivunja kwa nyundo, nikaivuta kamba ya gati,
na viriba vya bahari vikaning'inia juu yake kama kawaida,
laini, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji,
kila kimoja na midomo miwili,
kikanitemea Gullmar yote usoni.
Ndivyo vinavyoamkia. Nimezoea, miaka thelathini na mmoja.

Sixten anataka hesabu Ijumaa.
Ana kamera inayopiga picha kila dakika kumi hata tukilala.
Mimi nina penseli na jicho la kulia.

Jumatatu: mayai na mbegu katika bakuli moja.
Jumanne: viluwiluwi. Mkia, doa la jicho,
na ndani ya mkia kijiti laini
ambacho kwa jamaa zake wa mbali kilitangulia mgongo.
Hali kitu. Anaogelea kutafuta mahali pa kuacha kuogelea.
Kisha anagonga kioo kwa paji la uso, ananata,
na mkia anauvuta ndani taratibu,
kama mtu anayekunja mkeka wa mgeni aliyekwisha kuondoka.

Sasa ngoja.
Hapa ndipo ninapozima redio.

Koromeo ni mfuko mzima, halipitishi hata sindano.
Ngozi ya nje inadidimia,
kidole kinachobonyeza donge la unga,
na ukuta wa ndani unakuja kuilaki.
Zinagusana. Hakuna kisu.
Seli zinaachiana mikono,
na pale zilipoachiana
bahari inapita.

Tundu moja, halafu la pili, kila ubavu.
Ukingoni mwake malaika,
sisemi wa mbinguni, nasema yale ya mkononi
yasiyoonekana mpaka jua likulalie,
safu saba, nimezihesabu,
yanaanza kupiga ovyo
kama watu wasiojuana wakipiga makofi arusini,
kisha yanapatana.
Maji juu, maji ubavuni, nje.
Pumzi inabaki. Chakula kinabaki, kimenaswa kwenye ute.
Kula na kupumua bado ni kazi moja, hazijagombana.

Wiki zijazo tundu litarefuka, litajipinda kama ndoana,
ncha itakatika iwe tundu jingine,
nalo litagawanyika, na hayo nayo,
mpaka koromeo zima liwe pazia la lasi.
Hayo nitayachora Machi, nikijaliwa.

Leo Alhamisi. Bakuli la kumi na saba, mnyama wa sita:
kulia pametoboka, kushoto bado.
"Mfute," akasema Sixten, "huyo ana kasoro."
Sikumfuta.

Nilizaliwa na kitundu shingoni, kushoto,
chini ya taya, upana wa ncha ya pini.
Nikipata mafua kilitoa ute.
Mama alikifunga skafu kila Jumapili;
shangazi Gunnel alisema ni shetani aliyejaribu ufunguo.
Nilipokuwa na miaka tisa, daktari mmoja wa Uddevalla
alichora nyuma ya karatasi ya dawa
mikunjo ya koromeo la mimba, mmoja chini ya mwingine.
"Mtu hujaribu pia," alisema, "kisha huziba.
Wako mmoja ulisahau."
Nyuzi tatu. Kovu huwasha kukiwa na baridi kama hii.

Sixten amelala kwenye kochi la ofisi, viatu miguuni.
Kamera inakonyeza taa yake nyekundu.
Nimeinama juu ya hadubini tangu chakula cha jioni,
na kushoto ukuta umekuwa mwembamba hivi kwamba naona kupitia.
Sasa. Sasa hivi.
Miwani ikafanya ukungu.
Niliivua, nikaifuta kwa pindo la sweta, nikairudisha:
maji yalikuwa yameshapita.
Malaika yalikuwa kazini kana kwamba hayajawahi kukosekana.

Miaka thelathini na mmoja, na lile pigo la kwanza
sijaliona hata mara moja.

Nikaandika: *kushoto, wazi,
saa tano na dakika arobaini usiku,
au kabla kidogo.*